Barua ya Mama Vilet



Juma hili nawaletea habari ya mama mmoja wa Marekani, upande wa kusini, aliyeishi zaidi ya miaka 160 iliyopita. Jina lake Vilet Lester. Alikuwa mtumwa.

Siku zile familia za matajiri wa kusini zilitunza kila karatasi: barua za ndugu, hesabu za pamba, madeni, urithi. Leo karatasi hizo zimo katika maktaba za vyuo vikuu. Watumwa wamo ndani yake kama mali: jina, umri, bei. Sauti yao wenyewe ni shida kuipata, maana kuwafundisha kusoma na kuandika kulikatazwa. North Carolina ilitoa sheria hiyo mwaka 1830.

Lakini katika karatasi za Joseph Allred, zinazotunzwa katika Chuo Kikuu cha Duke, kuna barua ya Vilet ya tarehe 29 Agosti 1857. Anamwandikia Miss Patsey, wa nyumba aliyoitumikia zamani. Anaeleza alivyouzwa: Rockingham, kisha Richmond siku tatu, kisha Georgia, kutoka mkono huu hadi mkono ule. Sasa yuko kwa bwana Lester, mwaka wa nne. Anasalimu mama yake na ndugu zake, anaomba wamwandikie.

Kisha anauliza jambo linalomchoma roho: binti yangu mdogo yuko wapi? Alimwacha Goldsboro kwa mtu aitwaye Walker, aliyesema atampeleka kwa dada yake. Je, alimpeleka kweli? Na bwana Lester anataka kujua kama mtoto anauzwa, na bei ya chini ni ngapi.

Wamama, fikirini: mama anauliza bei ya mtoto wake, na hilo ndilo tumaini lake.

Nilitafuta jina la mtoto katika barua hiyo. Halimo. Ni binti mdogo tu, mpendwa wa mama yake. Mama alimjua, lakini sisi tuliokuja nyuma hatuna pa kumshikia.

Sisi tunaelewa jambo hili. Vita vikija, mama anakimbia na mtoto mmoja mgongoni, mwingine anapotelea njiani. Msalaba Mwekundu husaidia kutafuta waliopotezana na kupeleka barua zao, lakini kutafuta kunaanza na majina. Mtoto mdogo ukimuuliza mama yake anaitwa nani, anajibu: "Mama."

Basi, kazi yetu ya juma hili. Mwenye mtoto mchanga, amwandikishe kabla ya siku 90: sheria ya nchi yetu inasema hivyo, na ni bila malipo. Kisha kila mmoja achukue karatasi, aandike jina kamili la kila mtoto, la baba na la mama, siku na mahali alipozaliwa. Iweke pamoja na akte ya kuzaliwa na buletini za shule, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Watoto nao wayajue majina hayo kwa moyo.

Asiyejua kuandika asione haya. Aje siku ya mkutano, tutaandika pamoja. Kalamu nitaleta mimi.

Mbaki salama.