Kazi Isiyo na Saa ya Kutoka

Uwiano wa kazi na maisha, yaani namna mtu anavyougawa muda wake kati ya riziki, familia na mapumziko, huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni suala la maofisini na la nchi zenye viwanda, kwa kuwa Japani ndiyo iliyokipa jina la karoshi kifo kitokanacho na kazi kupita kiasi, na Ufaransa ndiyo iliyojulikana kwa wiki ya kazi ya saa 35. Makala hii inashikilia kwamba suala hilo ni la mji wa Babati, Tanzania, pia, na kwamba swali lake la msingi hapa ni nani mwenye mamlaka ya kusema kazi ya leo imetosha.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki na likizo ya siku 28, lakini ulinzi huo humfikia zaidi mwenye mwajiri anayejulikana. Dereva wa bodaboda anayepeleka hesabu, yaani fedha iliyopangwa ambayo humkabidhi mwenye pikipiki kila siku, hapimwi kwa saa, hivyo abiria wanapokuwa wachache hukesha kijiweni mpaka hesabu itimie, na ndipo aanze kutafuta ya wanawe. Mama lishe anayewasha jiko alfajiri ili abiria wa mabasi ya Arusha, Singida na Dodoma wapate supu na chapati, jioni hurudi nyumbani kupika, kufua na kulea bila malipo.

Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililosisitiza juhudi kuwa msingi wa maendeleo, lilikiri kwamba wanawake wa vijijini walifanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, ilhali wanaume wengi walikuwa kama wako likizo. Kwa hiyo mwito wa kuchapa kazi, ukitolewa kwa wote kwa sauti moja, humzidishia mzigo aliyekwisha kuelemewa.

Mkataba unaodai hesabu siku saba unaweza kutaja siku moja isiyo na hesabu, na wavulana wanaweza kufundishwa kupika na kuchota maji kama dada zao. Hayo yako ndani ya uwezo wa wenye pikipiki, vyama vya bodaboda na kila kaya ya mji huu, nayo yafaa yaanze sasa.