Matanga yana fedha, mgonjwa hana sabuni

Mzee akifa, ukoo wote unafika. Turubai linafungwa, pombe inanunuliwa, sare zinashonwa. Lakini alipolala amepooza, nani alimgeuza kila saa mbili asipate vidonda vya mgongo? Nani alifua mashuka? Binti mmoja tu. Ndugu zake walipita wakasema, "Mungu atakusaidia," wakaenda zao.

Wengine hujitetea: "Kuuguza ni kazi ya wanawake." Uongo! Amri ya nne haikuandikiwa mabinti peke yao. Yesu aliwakemea Mafarisayo waliofundisha kwamba sadaka ya hekaluni inamwondolea mtu deni lake kwa wazazi.

Tena tunangoja pumzi ya mwisho ndipo tumwite padri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kutufundisha mwaka 1963 kwamba Mpako wa wagonjwa si wa wanaokata roho tu.

Shirika letu linajua kuchanga kwa ajili ya maziko. Basi lichange mapema: sabuni, makala, fedha ya dawa. Kila juma watu wawili wakeshe kwa mgonjwa usiku mmoja, mwenye kuuguza apate usingizi. Muuguzi wa zahanati amwonyeshe namna ya kumwinua na kumwosha. Nawe unayeuguza, usione haya kuomba. Kuomba msaada si kumkana mzazi.

Anayelia sana kaburini, naye hakufika kitandani, machozi yake yamechelewa.