Muujiza Haukuwahi Kumaliza Maswali

Wacha nianze na ya nyumbani. Shangazi yangu ana presha, miaka mingi sasa. Mwaka jana alienda krusedi, mhubiri akamwambia amepona, akarudi akamwaga vidonge vyote kwa choo. Wiki ya tatu tulikuwa tunamkimbiza hospitali usiku wa manane. Alitoka salama, shukrani kwa Mungu na kwa manesi wa zamu ile.

Baadaye nilimuuliza, kwa heshima kabisa, kwa nini hakupimwa kwanza kabla ya kutupa dawa. Akanijibu: "Nyinyi watoto wa siku hizi maswali ni mengi. Watu wa zamani waliona miujiza wakaamini, basi."

Jibu hilo lilinikosesha usingizi. Kweli watu wa zamani walikuwa hivyo? Nikaanza kusoma Wagiriki na Warumi walioishi Ukristo ukiwa bado mchanga. Na leo nasema wazi: shangazi, nakupenda, lakini hapo ulikosea. Hao watu waliuliza maswali kutushinda.

Cha kwanza kujua ni kwamba zama hizo miujiza haikuwa habari mpya. Kule Epidaurus, Ugiriki, wagonjwa walikuwa wanalala hekaluni wakisubiri mungu wao Asclepius awajie ndotoni. Habari za waliosema wamepona zilichongwa kwenye mawe, na mawe mengine yapo mpaka leo. Kwa hivyo Mkristo akisema "Bwana wetu aliponya vipofu," jirani yake hakuanguka chini kwa mshangao. Alisema tu, hata sisi tuko na wetu.

Hata Kaisari alikuwa na wake. Mwanahistoria Mrumi Tacitus anasimulia kwamba Vespasian alipokuwa Aleksandria, Misri, ndio tu amepata utawala, alijiwa na watu wawili. Mmoja kipofu, akaomba apakwe mate ya Kaisari. Mwingine mkono wake mbovu, akaomba Kaisari aukanyage. Vespasian alicheka kwanza. Halafu akafanya nini? Akaita madaktari! Akataka wamwambie kama hali hizo zinaweza kupona. Ndipo akafanya alichoombwa, mbele ya umati, na inasemekana wote wawili walipona.

Lakini sehemu iliyonigusa ni hesabu ambayo Tacitus anaiweka hapo katikati. Ikifaulu, sifa ni za Kaisari. Ikifeli, aibu ni ya wale wagonjwa maskini. Sasa niambie hujawahi kuskia hiyo. Ukipona, mtumishi ana upako. Usipopona, imani yako ni ndogo. Karibu miaka 2,000 na hesabu ni ile ile.

Sasa Celsus. Huyu aliandika kitabu cha kuwapinga Wakristo miaka ya 170 hivi. Kitabu chenyewe kilipotea. Tunakijua kwa sababu Origen, msomi Mkristo, alimjibu miaka kama 70 baadaye na akanakili maneno yake mengi. Nilidhani Celsus atasema Yesu hakufanya miujiza yoyote. Wapi! Alidai Yesu alienda Misri kufanya kazi ya kuajiriwa, akajifunza uchawi huko, akarudi nao. Akamlinganisha na wale watu wa sokoni wanaotoa mapepo kwa senti chache. Hata kwenye Injili ya Marko, waandishi waliompinga Yesu hawakukana kwamba pepo wametoka. Walisema anawatoa kwa nguvu za Beelzebuli.

Umeona mahali ugomvi ulikuwa? Wengi hawakuuliza sana kama jambo limetokea. Waliuliza: nguvu hii ni ya nani, na inapeleka watu wapi?

Origen naye hakujibu kwa kusema, "Umeona muujiza, kwa hivyo nyamaza." Alijibu kwamba wachawi wa sokoni hawatumii mambo yao kuwaita watu wabadilishe maisha, na Yesu alifanya hivyo. Yaani hata mtetezi wa Ukristo aliona muujiza peke yake hautoshi. Lazima uangalie matunda.

Halafu kuna Lucian, mwandishi wa karne ya 2 mwenye mdomo mkali sana. Anasimulia kuhusu mtu aitwaye Peregrinus aliyejiunga na Wakristo akafungwa jela. Waumini wakampelekea chakula, wakalala naye huko ndani, na wengine wakatoka miji ya mbali na michango. Lucian anacheka: hawa watu wanaona kila mtu ndugu, mjanja yeyote akiingia kwao anatajirika haraka. Iliniuma, kwa sababu najua makanisa ambayo ningeweza kuyaandikia sentensi hiyo hiyo leo.

Lakini Lucian huyo huyo ana kisa kingine. Kulikuwa na Alexander wa Abonoteichus, mji wa pwani ya Bahari Nyeusi, Uturuki ya sasa. Alikuwa na nyoka wake, kichwa cha kitambaa kimetengenezwa kifanane na cha mtu, akisema ni mungu anayejibu maswali. Uliandika swali lako, ukalifunga kwa muhuri, ukalipa. Usiku Alexander anafungua muhuri kwa sindano ya moto, anasoma, anafunga tena. Kesho yake jibu liko tayari na wewe unashangaa amejuaje!

Na sherehe zake zilipoanza, Alexander aliagiza makundi mawili yafukuzwe: Waepikuro, wale wanafalsafa waliosema miungu haijali mambo ya binadamu, na Wakristo. Hapo nilisoma mara mbili. Kwa tapeli huyu, Mkristo na mwenye shaka walikuwa hatari moja. Kuna wakati mfanya miujiza ya uongo aliogopa kumwona Mkristo kwenye umati wake. Leo anaogopa nani?

Wakristo wenyewe walikuwa na kanuni zao pia. Kuna maandiko ya zamani sana yanayoitwa Didake, mafundisho ya kanisa la mwanzo. Yanasema mtume anayesafiri akija, mpokeeni. Akikaa siku tatu, ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate tu. Akiomba pesa, ni nabii wa uongo. Soma tena hiyo ya mwisho, halafu ukumbuke ile nambari ya kutuma mbegu inayopita chini ya televisheni yako.

Si ati wakosoaji wote walikuwa watu wazuri. Celsus alikuwa na dharau tupu. Aliwacheka Wakristo kwa sababu walikuwa wafuma sufu, washona viatu, wafua nguo, wanawake na watoto. Hiyo si hoja, ni kiburi cha tabaka. Na wengine walifanya mabaya zaidi ya kucheka. Pliny, gavana wa Kirumi aliyemwandikia Kaisari Trajan mwaka 112 hivi, alitesa wanawake wawili watumwa waliokuwa wahudumu wa kanisa ili aseme amejua ukweli. Alichopata ni watu wanaokutana kabla ya alfajiri, wanamwimbia Kristo, na wanaapa kutoiba wala kuzini.

Na hapo ndipo dunia ya zamani ilipopata shida na Wakristo. Muujiza ungeweza kuuita uchawi. Lakini wema ungeuita nini? Daktari Galen aliona Wakristo wanaamini bila kudai uthibitisho, lakini akakubali kwamba kwa kujitawala na kutoogopa kifo waliishi kama wanafalsafa. Kaisari Julian, aliyeuchukia Ukristo, alilalamika karne ya 4 kwamba watu hawa wanalisha maskini wao na maskini wetu pia. Hilo hakuwa na jibu lake.

Mimi bado naomba, na bado naamini Mungu anaponya. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba kuuliza ni ukosefu wa imani. Wa zamani waliuliza: nguvu ni ya nani? Nani anafaidika? Ikifeli, nani anabeba aibu? Hayo maswali matatu yangemwokolea shangazi yangu ule usiku.

Siku hizi anameza dawa akishamaliza kuomba. Nilimwambia kile kisa cha Vespasian, akacheka mpaka machozi. "Kumbe hata Kaisari aliita daktari kwanza?"

Ndiyo, shangazi. Kwanza.