Huduma ni za simu, mbona fomu bado zinataka kipanya?

Uko kwenye matatu, foleni imekwama Thika Road, na fomu ya kuomba kazi inafungwa saa sita usiku. Unagusa menyu uchague kaunti yako, inafunguka na kujifunga papo hapo. Unajaribu tena, wapi! Mwishowe unashuka, unatafuta saiba na kulipia kazi ambayo simu yako ingefanya.

Wengi wetu hulaumu simu. Mara nyingi kosa ni la ukurasa, kwa sababu ulijengewa kipanya.

Kipanya huweza kuelea juu ya neno bila kulibonyeza, na menyu ikashuka. Kidole hakiwezi hilo: ama kimegusa au hakijagusa. Lakini kidole nacho hutelezesha, hubana na hushikilia. Kivinjari humwambia msanidi kidole kimegusa wapi, kimesogea kiasi gani na kimeinuka lini. Ni yeye anayefaa kuandika sheria za kutofautisha mguso na mtelezo. Asipoziandika, unaumia wewe.

Zana za kazi hiyo si ngeni. iPhone ilitoka 2007. Shirika la W3C, linaloweka kanuni za wavuti, lilipitisha kanuni za mguso 2013, na 2015 likapitisha nyingine zinazoshughulikia kidole, kipanya na kalamu kwa pamoja. Zote ni za bure. Hata ule uzito wa zamani, ambapo kivinjari kilingoja karibu sekunde 0.3 kuona kama utagusa mara ya pili, ulitatuliwa kwenye vivinjari vikuu. Mara nyingi msanidi huhitaji mstari mmoja tu wa kodi, unaoagiza ukurasa utoshee upana wa simu.

Kwa nini tujali sasa? Juni 2023 serikali ilizindua Gava Mkononi, mpango wa kuweka huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen. Huduma zikihamia mtandaoni, fomu isiyosikia kidole ni sawa na ofisi iliyofungwa.

Ila tusiruke upande wa pili na kufanya kila kitu kiwe cha kutelezesha. Kuna nyanya ambaye mikono inatetemeka, na kuna kijana mwenye skrini iliyopasuka. Mwongozo wa W3C wa 2018 unataka jambo linalofanywa kwa vidole viwili au kwa mtelezo liwezekane pia kwa mguso mmoja. Ule wa 2023 unataka vitufe visipungue pikseli 24 kwa 24, isipokuwa katika hali chache.

Kwa hivyo, wewe unayeandika kodi, usijaribu kazi yako kwa laptopu pekee. Azima simu ya bei ya chini, jaza fomu yako mwanzo hadi mwisho kwa kidole gumba. Nanyi mnaotoa tenda za tovuti, andikeni jaribio hilo kwenye mkataba, na msilipe hadi lifaulu. La sivyo, kijana asiye na laptopu ataendelea kulipa saiba ili aombe kazi ambayo bado hajapata.