Si Kila Wingu Huleta Mvua

Korogwe, mkoani Tanga, ilikuwa mojawapo ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014. Walishiriki watoto 15,459. Chanjo ilipunguza malaria, lakini takwimu za usalama zilizua mashaka. Miongoni mwa walioanza kuchanjwa wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, homa ya uti wa mgongo iliwapata watoto 21 waliopewa chanjo hiyo, na 1 tu katika kundi la ulinganisho, ilhali waliochanjwa walikuwa takriban mara mbili tu ya wenzao. Uchambuzi mwingine, ambao haukupangwa tangu awali, ulionesha vifo zaidi kwa wasichana waliochanjwa.

Je, tuamini? Kwanza tuulize: ni mambo mangapi yaliyopimwa? Kwa desturi, tofauti hupewa uzito ikiwa bahati peke yake ingeileta chini ya mara 5 katika 100. Kipimo hicho chafaa kwa swali moja. Mtafiti akiuliza maswali 20 yasiyotegemeana, na pasiwe na tofauti ya kweli hata katika moja, bado upo uwezekano wa asilimia 64 kwamba angalau swali moja litajibiwa "ndiyo" kwa bahati tu. Njia ya Bonferroni huziba mwanya huo kwa kuigawa ile asilimia 5 kwa idadi ya maswali. Yakiwa 20, kila moja hupimwa kwa asilimia 0.25.

Hata hivyo, naona si haki kuutumia ukali huo kama ufagio. Tunapopima faida, hutukinga na matumaini ya uongo. Tunapopima madhara, waweza kulifukia onyo la kweli, kwani madhara adimu huacha nyayo chache. Dalili ya mvua ni mawingu. Na ingawa si kila wingu huleta mvua, mwanika nafaka hulitazama.

Shirika la Afya Duniani halikuyapuuza mashaka hayo wala kuyafanya hukumu. Yaligeuzwa kuwa maswali yaliyoandikwa mapema, yakaulizwa upya kwa watoto wengine, nchini Malawi, Ghana na Kenya, kuanzia mwaka 2019. Hayakuthibitika, na tarehe 6 Oktoba 2021 chanjo ikapendekezwa. Subira hiyo ilikuwa na gharama, maana malaria haikusubiri. Lakini chanjo iliyotangulizwa mbele ya shaka kuhusu mabinti ingekataliwa mlangoni, na pengine chanjo nyingine pamoja nayo.

Kwa hiyo, mhudumu wa afya asomapo kwamba dawa fulani "imethibitika", na mgonjwa aelezwapo hivyo, waulize mambo matatu: Je, swali hili liliandikwa kabla ya matokeo kuonekana? Liliulizwa pamoja na mengine mangapi? Je, limeulizwa tena kwa watu wengine? Mzazi aliyemtoa mwanawe ashiriki utafiti anastahili kujibiwa yote matatu, kwa lugha anayoielewa.