Whisky ina jina la kwao, shaba yetu haina

Ingieni kwa saloni nyingi za Lubumbashi: juu ya bufe mutaona kartoni ya whisky, ile ya duara kama bomba, na chupa yake ilikwisha zamani. Mwenye nyumba anakataa waitupe. Wengine wanamucheka. Mimi simucheke, sababu ile kartoni inastahili kusomwa.

Juzi, kwa sikukuu ya mwenzetu aliyeingia pensheni, tulifungua single malt. Mzee mmoja aliyetumika miaka mingi kwa fonderi alishika kartoni mbele ya kushika glasi. Akaonyesha picha ya mitungi mikubwa myekundu yenye shingo ndefu: «Bana, hii njo mukuba!» Hakukosea. Single malt inapikwa ndani ya mitungi ya shaba, sababu shaba inakamata harufu mbaya ya kiberiti ndani ya mvuke.

Tukasoma maandiko. Kiwanda ni kimoja tu: njo maana ya «single». Nafaka ni shayiri iliyooteshwa: njo «malt». Miaka 12 ni umri wa whisky iliyo changa kupita zote ndani ya chupa. Sheria yao inataka ilale angalau miaka 3 ndani ya pipa la mwaloni, na nguvu isipunguke 40 kwa mia. Juu ya yote, jina la bonde lao kwa herufi za zahabu. Sisi hatujafika Uskoti, lakini vijiji vyao tunavijua kwa majina.

Haikuja yenyewe. Tangu Novemba 2012, single malt haitoke Uskoti kama haijatiwa ndani ya chupa na kubandikwa etiketi kule kule. Ile kazi inabakia kwao, na mishahara yake pia.

Sasa angalieni barabara ya Kasumbalesa. Makamyo yanabeba katodi, shaba safi, yanavuka mpaka. Kule ng'ambo inageuka waya, motere, ao pengine mitungi ya whisky, na hakuna anayeandika juu yake: Kolwezi, Likasi, Kipushi. Kisha tunanunua ule waya kwa bei ya wengine.

Sisi wa sendika tumezoea kuomba paka mishahara. Ni haki yetu. Lakini kwa mazungumzo yanayokuja tuulize pia: tani ngapi za shaba zinabakia hapa kufanywa waya? Vijana wangapi wanafundishwa ile kazi? Kampani itakayojibu vizuri, tuipigie makofi. Itakayonyamaza, tuulize tena.

Anayekunywa anywe kwa kiasi, na kartoni aiweke juu ya bufe. Siku anaipanguza vumbi, aisome tena: nchi ndogo haikuona haya kuandika jina lake juu ya kazi ya mikono yake. Sisi tunangojea nini?