Kijibastola cha Kiunoni na Imani ya Matajiri

Wafanyabiashara wengi, Tabora na kwingineko, wanaamini kwamba anayetembea na fedha taslimu kwenda kununua asali Sikonge hayuko salama mpaka awe na bastola kiunoni. Ukiuliza bastola gani, jibu huwa tayari: rivolva fupi ya risasi tano. Inafichika, haikwami, na hata asiye na mazoezi anaimudu. Jibu hilo ni kweli mahali pamoja tu: inafichika.

Tuanze na hilo la kukwama. Mpelelezi Mwingereza John Speke alifika Kaze, ndiyo Tabora, mwaka 1857 pamoja na Richard Burton kwa njia ya misafara. Miaka miwili kabla, Aprili 1855, kambi yao ilivamiwa usiku huko Berbera, pwani ya Somalia. Speke alitoka hemani na rivolva ya Dean and Adams, akafyatua, kisha akamwekea mtutu kifuani mtu mkubwa kuliko wote na kuvuta. Kimya. Silinda iligoma kuzunguka. Mwenyewe alihisi fataki ya kuwashia baruti ilikuwa imenasa. Wakamwangusha, wakamfunga kamba, wakamchoma mikuki. Mwenzao Stroyan aliuawa, na Burton alipigwa mkuki ukapenya mashavu yote mawili. Kilichomwokoa Speke ni miguu yake.

Watetezi watasema zile zilikuwa rivolva za fataki. Sawa, za leo ni bora zaidi. Lakini katika rivolva nyepesi mno, mshtuko wa kufyatua unaweza kuichomoza risasi kidogo kutoka kwenye ganda lake, na silinda ikagoma vilevile.

Udogo nao una gharama. Mtutu una sentimita tano hivi, kwa hiyo shabaha ya mbele na ya nyuma karibu zinagusana. Chuma kina uzito wa nusu kilo, ilhali kidole huenda kikahitaji nguvu ya kilo tano kukifyatua. Mkono usiozoea huyumba kabla risasi haijatoka. Hiyo ni silaha ya fundi, na wauzaji humpa mwanafunzi.

Hata mwenye shabaha hachagui saa ya kuvamiwa. Agosti 1871 Waarabu wa Unyanyembe, na bunduki zao tele, waliiteka Wilyankuru, ngome ya mtemi Mirambo. Mwandishi wa habari Henry Stanley alikuwa katika vita hivyo, ila homa ilimlaza njiani. Mirambo hakuwafuata ngomeni. Aliwavizia kwenye majani marefu wakirudi na shehena ya pembe za ndovu. Soud bin Said akafa hapo. Baadaye mwezi huohuo Mirambo aliingia Tabora yenyewe, na Khamis bin Abdallah akauawa. Waarabu hao hawakupungukiwa bunduki. Jambazi anayemfuata mtu kutoka benki hufanya hesabu ileile: humpata akiwa amebeba mzigo, mikono imejaa.

Akishampora, anaondoka na bastola pia, na mwenye leseni ndiye anayebaki kujieleza polisi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015.

Fedha za asali zinaweza kupita kwenye simu au akaunti, nusu ya kishawishi ikaisha bila risasi hata moja. Na mwenye sababu ya kweli ya kuomba leseni achukue bastola kubwa kidogo inayojaa kiganjani, kisha afanye mazoezi ya shabaha kabla ya kununua hata mkoba wa kuiwekea.